Mlaji mkubwa tumboni mwako, na somo la kiti cha pweza wa Galu

Ukifika Galu asubuhi maji yakiwa yamekupwa, hukosi kuviona. Viti vya pweza vimetulia kwenye vidimbwi vya miamba, vyekundu, vya kahawia, vingine vina vinundu mgongoni kama urembo. Na pembeni hukosi kumwona mtu amekiinua kimoja hewani, simu tayari, anatafuta picha ya kuposti.

Jumapili moja nilikuwa nimekaa pale na binamu yangu, tunakula mihogo ya kukaanga ya pilipili na ndimu. Nikamwambia, "Kaka, unajua huyo ndiye aliyewafundisha watu jinsi mwili unavyopigana na magonjwa?"

Akanitazama kama nimepigwa na jua. "Wewe si uliacha chuo? Haya ya udaktari umeyatoa wapi?"

Ana haki ya kuuliza. Niliacha mwaka wa pili, karo iliponishinda. Lakini kusoma sikuacha. Na hadithi yenyewe ni hii.

Mwiba wa waridi

Mwaka 1882 mwanasayansi Elie Metchnikoff alikuwa Messina, kisiwani Sicily, Italia. Mwaka huohuo alikuwa amejiuzulu kazi ya kufundisha chuo kikuu cha Odessa. ("Kumbe na yeye aliacha chuo!" binamu akacheka.) Siku moja familia yake ilienda kutazama sarakasi, yeye akabaki nyumbani na darubini, akichungulia vitoto vya kiti cha pweza. Vitoto hivyo ni kama kioo, unaona mpaka ndani.

Akaona seli zinatembeatembea humo. Akajiuliza, je, kikiingia kitu kigeni zitafanya nini? Akachukua miiba ya waridi bustanini, akavidunga. Asubuhi alipoangalia tena, seli zilikuwa zimeuzunguka mwiba pande zote, kama watu waliomzingira mwizi sokoni.

Seli kubwa za aina hiyo ndizo alizokuja kuziita makrofaji, jina la Kigiriki lenye maana ya mlaji mkubwa. Mwaka 1908 akapewa Tuzo ya Nobel, pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani.

Walinzi wa ndani ya tumbo

Makrofaji wako mwili mzima: kwenye mapafu, ini, hadi ubongo. Ila watafiti wana mapenzi maalum na wale wa tumboni. Sisemi ndani ya utumbo unakopita ugali. Nasema ile nafasi inayozunguka matumbo, ini na bandama, yenye majimaji kidogo ya kulainisha ili viungo visikwaruzane. Makrofaji wanaelea humo, wanapiga doria. Na ni rahisi kuwapata: mtafiti anaosha tumbo la panya wa maabara kwa maji maalum yenye chumvi, anayavuta, ashawapata.

Kazi zao ni nyingi. Wanameza bakteria. Wanasafisha seli zilizokufa. Hatari ikizidi, wanatoa kemikali za kuwaita wenzao.

Mwaka 2010 watafiti walionyesha kuwa ndani ya tumbo la panya kuna makundi mawili. Wakubwa ni wenyeji. Wadogo wanatokana na seli za damu, na wanaongezeka vurugu zikianza. Ni kama mtaa wowote: kuna wazee wa mtaa, na kuna vijana wanaofika wakisikia kelele. Mwaka 2014 ikaonekana kwamba hao wenyeji wanategemea vitamini A. Panya walionyimwa vitamini hiyo, wenyeji walipungua. Vitamini A si lazima uitafute kwenye duka la dawa. Mchicha, embe na kiazi kitamu cha rangi ya machungwa vinaileta.

Halafu kukaja jambo lililonishangaza. Mwaka 2016 watafiti wa Calgary, Kanada, waliliumiza ini la panya kidogo, wakarekodi. Makrofaji wa tumboni hawakusubiri kupitia kwenye damu. Walivuka moja kwa moja hadi kwenye jeraha, ndani ya saa moja, wakaanza kusaidia ukarabati. Mwaka 2021 utafiti mwingine wa panya ukaonyesha wanavyogandana juu ya jeraha ndani ya dakika chache, kama kiraka. Watafiti wakailinganisha tabia hiyo na seli za yule mnyama wa miiba anayekuchoma mguu ukitembea miambani. Bahari hiihii, mwalimu mwingine.

Lakini kiraka kina bei yake. Jeraha likiwa kubwa, kama la upasuaji, kugandana huko kunaweza kuwa chanzo cha makovu yanayoshikanisha matumbo. Namjua mama mmoja mtaani kwetu aliyerudishwa kwenye upasuaji miaka kadhaa baada ya ule wa kwanza, matumbo yameshikana, chakula hakipiti. Mlinzi ni yuleyule, ila kazi imempita kipimo.

"Mbona mimi natoa damu?"

Nilidhani nimemaliza. Binamu akanyamaza, akawa anachora mchanga kwa kidole.

"Sasa hao walaji wako," akasema bila kuniangalia, "mbona mimi nikikojoa mara nyingine inatoka damu?"

Amekulia bara kidogo, upande wa Msambweni, kwenye mabwawa na vijito ambako watoto huogelea na kufua. Utotoni walikuwa wanaambiana eti damu kwenye mkojo ni dalili ya kuwa mwanamume. Ana miaka 24, na hajawahi kumwambia mtu.

Hicho ni kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa maji yasiyo na chumvi na kupenya ngozi ukiwa majini. Bahari ya Galu haina lawama hapa. Vikikomaa huishi kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu na kutaga mayai. Mengine hutoka na mkojo, mengine hukwama kwenye ukuta wa kibofu.

Hapo makrofaji wanafika mbio. Lakini yai lina urefu wa takriban milimita 0.15, mlaji mwenyewe ni kama milimita 0.02. Halimezeki. Basi wanafanya walichokifanya Messina: wanalizunguka, wao na seli nyingine za kinga, na polepole kovu linajengeka. Yai moja si neno. Maelfu, mwaka baada ya mwaka, kibofu kinakuwa kigumu, njia ya mkojo inaziba, figo zinaumia, hata saratani ya kibofu inaweza kuja. Kwa wasichana mayai hukwama pia kwenye njia ya uzazi, na wengi hudhaniwa wana ugonjwa wa zinaa.

Habari njema inatoka hapahapa nyumbani. Watafiti wamefuatilia kichocho Msambweni tangu miaka ya 1980. Utafiti wa Kwale uliochapishwa mwaka 2005 uliwaangalia watu miaka 10 hadi 18 baada ya kutibiwa. Waliotibiwa wakiwa watoto au vijana walikuwa na madhara machache ya kibofu ukubwani kuliko wasiotibiwa. Dawa ni prazikwanteli, vidonge vinavyopimwa kwa uzito wako.

Jumatatu nilimsindikiza kupima. Kidokezo: mkojo wa mchana, kati ya saa nne na saa nane, ndio huwa na mayai mengi zaidi. Yalionekana. Akameza vidonge, akalalamika ni vichungu, akaambiwa ukweli: dawa inaua minyoo iliyokomaa, haikukingi ukirudi kwenye bwawa lilelile. Kibofu chake kimeumia kiasi gani, bado tunasubiri picha.

Kwa hivyo wewe unayesoma hapa ukiwa kwenye matatu ya Ukunda, kama umewahi kuona damu na ukanyamaza, si uanaume, na kwa dada si aibu. Nenda ukapime.

Juzi tulirudi Galu. Jamaa mmoja alikuwa amekiinua kiti cha pweza hewani, anapiga selfi. Binamu akamsogelea, taratibu tu.

"Kirudishe majini, bro. Huyo ametusomesha."