Majina ya Maada na Chembe Zake katika Kijapani, na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

Makala haya yakusudia kueleza jinsi lugha ya Kijapani ilivyojiundia majina ya maada na ya chembe zisizoonekana kwa macho, kisha kupima ni kipi katika njia hiyo kiwezacho kutufaa katika Kiswahili. Mwanafunzi tutakayemweka mbele yetu ni mtoto wa Titye, wilayani Kasulu, katika nchi ya Waha. Nyumbani husema Kiha. Katika shule ya msingi ya serikali husomeshwa sayansi kwa Kiswahili. Na akiingia sekondari hulikuta somo lile lile kwa Kiingereza. Kwake yeye istilahi si pambo la kamusi. Neno likimfunulia maana, amepata ngazi. Likimfumbia, amepata ukuta.

1. Chanzo cha istilahi za Kijapani

Wajapani waliipata kemia ya Ulaya kwa njia ya vitabu vya Waholanzi, ambao kwa muda mrefu ndio Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara nchini mwao. Mtaalamu Udagawa Yōan (1798–1846) alitunga kitabu kiitwacho Seimi Kaisō, kilichotolewa kwa sehemu kati ya 1837 na 1847. Neno *seimi* lilikuwa ni sauti tu ya neno la Kiholanzi la kemia. Lakini majina ya elementi aliyaunda kwa maana: haidrojeni ikawa *suiso*, yaani asili ya maji, oksijeni ikawa *sanso*, asili ya uchachu, kaboni ikawa *tanso*, asili ya makaa. Katika hayo aliwafuata Waholanzi, ambao nao huiita haidrojeni *waterstof*, kitu cha maji. Baadaye *seimi* ilitoweka, ikashika nafasi yake *kagaku*, elimu ya mageuko. Lakini majina ya elementi yaliyoundwa kwa maana yamedumu hadi leo.

2. Jamii ya maneno yenye -shi

Twende sasa kwenye chembe zenyewe. Atomu huitwa *genshi*, na molekuli *bunshi*. Elektroni, iliyogunduliwa na J. J. Thomson mwaka 1897, ni *denshi*. Protoni ni *yōshi*. Nyutroni, iliyogunduliwa na James Chadwick mwaka 1932, ni *chūseishi*. Msomaji ataona kwamba yote yaishia kwa *-shi*. Herufi yake ni ile iandikwayo kwa maana ya “mtoto”, nayo hutumika pia kwa kitu kidogo. Kwa hiyo *genshi* ni kidogo cha asili, *bunshi* ni kidogo cha mgawanyo, na *denshi* ni kidogo cha umeme.

Faida ya mpango huu ni kwamba nafasi imeachwa wazi kwa mgeni ajaye. Yukawa Hideki alipobashiri mwaka 1935 kuwapo kwa chembe ambayo uzito wake ungekuwa kati ya ule wa elektroni na ule wa protoni, chembe za aina hiyo zilipata jina la *chūkanshi*, kidogo cha katikati. Mwanafunzi aliyekwisha kujua *denshi* na *yōshi* alilitambua mara moja kuwa ni la ukoo ule ule.

3. Mipaka ya njia hiyo

Hata hivyo haifai kuisifu kupita kiasi. Kwanza, uwazi wake mwingi umo katika maandishi, si katika sauti. Silabi *shi* ikisikiwa peke yake yaweza kuwa “mtoto”, “nne”, “mauti” au “shairi”. Ni herufi iamuayo. Hata *kagaku* ya kemia yalingana kwa sauti na *kagaku* ya sayansi kwa jumla, hata watu wengine huitamka ya kwanza *bakegaku* ili kuondoa utata. Kiswahili hakina msaada huo wa herufi: neno letu halina budi kujieleza kwa sauti na kwa umbo lake.

Pili, jina lenye maana laweza kuhifadhi kosa. *Sanso* yaeleza kuwa oksijeni ndiyo asili ya uchachu wa asidi, nayo ilikuwa ndiyo rai ya Lavoisier. Leo twajua kuwa asidi ya haidrokloriki haina oksijeni hata kidogo. Kosa lile lile limo katika asili ya Kigiriki ya neno “oksijeni”, ila kwetu limefichika.

Tatu, Wajapani wenyewe hawakutafsiri kila kitu. Ioni ni *ion*, sodiamu ni *natoriumu* kutoka Kijerumani, na kwaki ni *kuōku*. Waliunda pale ambapo kuunda kulimsaidia msomaji, wakakopa penginepo.

4. Hali ya Kiswahili

Kiswahili kimefuata njia mbili kwa pamoja. Maneno *atomu*, *elektroni*, *protoni* na *molekuli* yamekopwa. *Maada* imetoka Kiarabu. Ilhali *chembe* na *kiini* ni maneno ya siku nyingi yaliyopewa kazi mpya. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ni ushahidi wa jitihada hiyo. Neno *kiini* lastahili kuangaliwa zaidi. Wajapani huita kiini cha atomu *genshikaku*, na *kaku* ni kokwa ya tunda. Neno la Kilatini nalo lilikuwa na maana ya kokwa ndogo. Hivyo lugha zisizohusiana zimekutana katika taswira moja, na mtoto aliyepasua yai au kokwa hahitaji maelezo marefu.

Je, twaweza kupata kiambishi cha kufanya kazi ya *-shi*? Kiswahili Sanifu huonyesha udogo kwa *ki-*, lakini *ki-* imebeba mizigo mingi: vyombo, lugha, namna, hata dharau, kama katika *kijitu*. Kiha kimehifadhi jozi ya kale ya Kibantu, *aka-* na *utu-*: *umwana* ni mtoto, *akana* ni mtoto mdogo, *utwana* ni watoto wadogo. Sishauri kuingiza *ka-* katika istilahi za taifa, maana wasemaji wengi huisikia kama mzaha. Nashauri kwamba mwalimu wa Titye aitumie kama daraja la kufafanulia, naye mtunga istilahi ajenge jamii yake juu ya neno *chembe* kwa vivumishi vinavyofuatana kwa taratibu moja.

5. Mfano wa chumvi

Kusini ya nchi ya Waha iko Uvinza, ambako maji ya chumvi yalikuwa yakichemshwa. J. E. G. Sutton na A. D. Roberts walionyesha mwaka 1968 kuwa kazi hiyo ina umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Chumvi iliyoyeyuka haionekani, lakini ipo; maji yakiondoka, hurudi. Hapo pana somo zima la chembe. Kwa Kijapani, klorini iliyomo katika chumvi hiyo huitwa *enso*, asili ya chumvi. Kwetu *klorini* haisemi lolote juu ya *umunyu* wa Waha, wala juu ya *munyu*, neno la kale la Kiswahili chenyewe. Si lazima kulifuta neno *klorini*. Lakini kitabu kinacholitaja kwa mara ya kwanza bila kulifungamanisha na chumvi kimemnyima mtoto wa Titye kitu ambacho tayari anacho nyumbani, na sekondari haitamrudishia.