Akram Afif: damu ya Tanzania, shule ya Al Rayyan

Wapo wapenzi wa soka wa Tanzania wanaomhesabu Akram Afif kuwa wao. Hatuwalaumu: baba yake, Hassan Afif, ni mzaliwa wa Tanzania na alikuwa mwanasoka, na kaka yake, Ali, ameichezea Qatar. Lakini Akram alizaliwa Doha mwaka 1996, na kazi alifundishwa katika chuo cha michezo cha Aspire, mjini Al Rayyan, ambako vijana husakwa wangali wadogo, wakasomeshwa darasani na uwanjani. Alihitimu 2014, kisha akachezea Eupen ya Ubelgiji, klabu iliyonunuliwa na Aspire hiyo hiyo.

Februari 10, 2024, katika fainali ya Kombe la Asia uwanjani Lusail, Qatar iliilaza Jordan 3-1. Mabao yote matatu aliyatia Akram, yote kwa penalti. Wako wanaozidharau penalti. Sisi tunasema ya tatu si mchezo: mlinda mlango ameshakusoma mara mbili.

Wiki chache kabla ya hapo, Taifa Stars ilikuwa imerudi nyumbani kutoka Kombe la Afrika, Ivory Coast, na bao moja tu.