Pakiti zinapotelea wapi? Tuliweka mizani yetu katikati

Kila mchimbaji anajua: ukienda kuuza zahabu Butembo bila mizani yako, uzito ni ule mnunuzi anasema. Kwa intaneti ni vile vile.

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja nyuma ya uchaguzi ambao Beni na Butembo tulinyimwa, intaneti ilifungwa nchi nzima karibu siku 20. Kila mtu alijua ni serikali. Lakini kukatika kwa kila siku, nani anaeleza?

Ofisi yetu ya sendika inalipia intaneti ya antena kila mwezi kwa makuta ya michango. Hapo wenzetu wa upande wa Manguredjipa wanauliza kama barabara iko salama. Kwa wiki tatu, kila magaribi ujumbe ulikwama. Muuzaji alikuwa na jibu moja tu: telefone zenu ni mingi, zinakula.

Kijana wetu mmoja alichukua ordinateri ya zamani yenye milango miwili ya kebo, akaiweka kati ya antena na Wi-Fi. Katika Linux akaunganisha milango hiyo ikawa daraja, br0. Daraja halibadilishi kitu: pakiti inaingia huku, inatoka kule. Kisha akaandika tcpdump -i br0 -n. Ni programu ya bure, na kila mstari wake unaonyesha saa, pakiti imetoka wapi, inaenda wapi.

Lakini kuangalia br0 peke yake haitoshi, lazima uangalie mlango mmoja mmoja. Pakiti ikionekana eth0, upande wetu, na isitokee eth1, upande wa antena, kosa ni la mashini yetu. Sisi tuliona zote zinatoka. Majibu ndiyo hayakurudi. Saa moja ya magaribi tukazima telefone zote, tukapiga ping mara 100 kwa mashini ya kwanza ya muuzaji mwenyewe: mingi hazikujibiwa. Saa tano ya usiku, zote zilijibiwa.

Kitu kimoja, ndugu: mwenye daraja anaona mengi. WhatsApp inafunga maneno tangu 2016, hayasomeki, lakini telefone gani ilitoka kwenda wapi na saa ngapi, hayo yanaonekana. Kwa hiyo tulibandika tangazo ukutani kabla ya kuanza, tukaongeza -s 96 ili zikamatwe baiti 96 za kwanza za kila pakiti tu, na muuzaji tulimpelekea faili ya ping peke yake.

Alipoona mistari ile, habari ya telefone aliiacha. Sasa anasema wateja wa antena yake wameongezeka. Tumedai aturudishie malipo ya zile wiki tatu, jibu tunalingojea. Ile ordinateri bado iko pale pale, katikati.