Kondoa: Korongo zuri, shamba la nani?

Wewe unayedhani Dodoma ni vumbi na zabibu tu, jaza tangi Jumamosi alfajiri ukamate barabara ya Kondoa. Ni kama kilomita 160, na siku hizi ni lami tupu. Zamani ungefika umegeuka rangi!

Ukipita Kondoa mjini kuelekea Kolo, punguza mwendo. Vilima vya Irangi vimechanwachanwa na maji: makorongo mekundu, kuta za udongo zimesimama kama magofu, mito ya mchanga isiyo na tone. Nikashuka na kamera. Kijana wa bodaboda akaniuliza napiga picha ya nini, hapo si palikuwa mashamba ya watu?

Kweli bwana. Mwaka 1973 serikali ilianzisha HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma. Makinga maji yakachimbwa, miti ikapandwa, lakini mifugo ikaendelea kukwangua. Mwaka 1979 ikatoka amri: mifugo yote itoke eneo lililoharibika, kilomita za mraba zaidi ya 1,200. Hebu fikiria Mrangi bila ng'ombe! Maziwa atoe wapi? Samadi? Mahari je? Mimi ningelia. Lakini majani yakarudi, na miti ikarudi.

Malizia Kolo kwenye michoro ya miambani, urithi wa dunia tangu 2006. Pitia kwanza ofisini ukapate kibali na mwongoza wageni. Beba maji, na dada zangu, viatu vya kisigino viacheni garini.