Mtoto Hakui: Kwa Nini Daktari Anataka Picha ya Kichwa?

(Muziki unapanda, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: Juzi mama mmoja alitujia na barua ya rufaa. Mtoto wake ana miaka 7, lakini amelingana kimo na mdogo wake wa miaka 5. Hospitali imetaka apigwe picha ya kichwa. Mama akatuuliza, "Mwanangu ni mfupi tu, kichwa chake kina kosa gani?" Leo tunamjibu, maana wako na wengine walioikunja barua kama hiyo wakaiweka chini ya godoro.

Kwanza tuelewane. Watoto wengi wafupi hapa kambini hawahitaji picha hiyo. Wamedumaa kwa lishe duni au kuugua mara kwa mara, na wengine wamerithi kimo cha wazazi. Wachache sana ndio ambao mwili wao hautengenezi homoni ya ukuaji ya kutosha. Mtoto wa miaka 4 hadi anapokaribia kubalehe huongezeka kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Akiongezeka chini ya 4, achunguzwe.

Homoni hiyo hutoka kichwani. Chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi ndogo kama njegere, inaitwa pituitari.

Daktari huanza na kadi ya kliniki, vipimo vya damu, na eksirei ya mkono kuangalia umri wa mifupa. Damu ndiyo inayoonyesha kama homoni imepungua. Picha inatafuta sababu. Huenda mtoto alizaliwa na tezi ndogo, au kikonyo kinachoiunganisha na ubongo kimekatika, au kuna uvimbe unaoibana. Uvimbe hautokei kwa wengi, lakini mishipa ya macho inapita hapo hapo juu ya tezi. Ukichelewa kujulikana, mtoto anaweza kupofuka.

(Muziki mfupi)

MTANGAZAJI: Je, kipimo kinaumiza? Hapana. Kinaitwa MRI. Kinatumia sumaku, si mionzi, na hakuna anayepasuliwa. Mtoto hulala ndani ya mashine iliyo kama bomba kubwa, nayo hupiga kelele kama mtu anayegonga bati. Anatakiwa kutulia nusu saa au zaidi. Mdogo asiyeweza kutulia hupewa dawa ya usingizi, ndiyo maana huambiwa asile kabla. Wengine huchomwa sindano ya mshipani ili picha ionekane vizuri.

Mvueni bangili, pini na chochote cha chuma. Na hili msisahau: kama mtoto aliwahi kupigwa risasi au kipande cha bomu, mwambieni daktari kabla hajaingia, maana sumaku inaweza kukivuta chuma kilichobaki mwilini.

Picha ikionekana nzuri, msiache matibabu. Upungufu unaweza kuwepo hata hivyo. Tiba yake ni sindano za homoni, kwa kawaida kila siku, kwa miaka. Ni ghali, basi ulizeni mapema kama zinapatikana.

Mama, itoe barua chini ya godoro. Ipeleke kituo cha afya pamoja na kadi, uulizie usafiri na kibali cha kutoka kambini. Na mtoto akiumwa kichwa asubuhi na kutapika, akianza kutoona vizuri, au akinywa maji na kukojoa kupita kiasi, usingoje tarehe ya rufaa. Nenda leo.

Kwaherini, tukutane wiki ijayo.

(Muziki wa kufunga)