Mkanda wa taimingi: Fungua kifuniko kabla hujapakia mzigo

Magari mengi yanayobeba abiria na mizigo kati ya Rumonge, Nyanza-Lac, Mabanda na mpaka wa Mugina yalianza maisha Japani. Yalitumika huko miaka kadhaa, yakapakiwa melini hadi bandari ya Dar es Salaam, kisha yakaendeshwa kwa barabara mpaka Burundi. Mnunuzi hutazama rangi, matairi, viti na namba ya kilomita kwenye dashibodi. Aliye mwangalifu zaidi huwasha injini na kusikiliza mlio wake. Lakini kipo kitu kimoja ambacho kwa kawaida hakionekani wala hakisikiki, nacho kikikatika kinaweza kumeza mtaji wa miaka mitatu kwa sekunde moja. Kitu hicho ni mkanda wa taimingi.

Naandika haya kwa ajili ya ndugu zangu tuliorejea kutoka uhamishoni na kwa wafanyabiashara wa mpakani, kwa sababu wengi wetu tuliweka akiba yetu yote kwenye gari la mtumba. Shamba likiwa na kesi na ajira ikiwa haba, gari ndilo hugeuka kuwa shamba.

Kazi ya mkanda huu

Ndani ya injini kuna shafti mbili zinazotakiwa kwenda pamoja bila kukosea. Ya chini ni krenki, inayozungushwa na pistoni. Ya juu ni kamshafti, inayofungua na kufunga valvu. Mkanda wa taimingi ni wa mpira wenye meno, umeimarishwa kwa nyuzi ndani yake, na ndio unaoziunganisha hizo mbili. Krenki ikizunguka mara 2, kamshafti huzunguka mara 1. Injini inapokwenda mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 25 katika sekunde moja. Kila pistoni inapopanda, valvu inatakiwa iwe imekwisha kuondoka njiani.

Mkanda ukikatika, kamshafti husimama na valvu hubaki zilipo, nyingine zikiwa wazi. Krenki bado ina mwendo. Kinachofuata hutegemea injini. Injini za petroli za Toyota kama 4A-FE na 3S-FE zina nafasi ya kutosha kati ya pistoni na valvu, kwa hiyo gari huzimika, unafunga mkanda mpya na kuendelea na safari. Injini za dizeli karibu zote hazina nafasi hiyo. Kwenye 2L, 3L na 5L, zinazopatikana katika Hiace na Hilux nyingi, pistoni hugonga valvu na kuzipinda. Mkanda huohuo ndio unaoendesha pampu ya dizeli.

Yapo pia magari yasiyo na mkanda huu kabisa. Probox zenye injini ya petroli ya 1NZ hutumia cheni, ambayo hudumu sana ukibadilisha oili kwa wakati. Basi swali la kwanza kwa muuzaji liwe: injini hii ni ya mkanda au ya cheni?

Hiace ya kikundi chetu

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilikuwa na wanachama 14, akina mama 11 kati yao, wengi wakiuza mawese na dagaa. Walinunua Hiace yenye injini ya 3L katika yadi moja ya Dar es Salaam. Dashibodi ilionyesha kilomita 87,000, na muuzaji alisema mkanda ni mpya. Miezi mitano baadaye, gari likiwa limejaa madumu ya mawese, likipanda milima ya kutoka Nyanza-Lac kwenda Mabanda, injini ilizimika ghafla.

Dereva alipowasha tena, stata ilizunguka haraka na kwa wepesi, kama injini isiyo na kitu ndani. Vijana waliokuwa pale wakamshauri asukumwe. Wakalisukuma mara mbili. Fundi alipofungua hedi alikuta valvu 5 kati ya 8 zimepinda na pistoni moja ina jeraha. Mkanda wenyewe ulikuwa umekakamaa, umepasuka mgongoni na umeloa oili iliyokuwa ikivuja kutoka kwenye sili ya kamshafti.

Gari lilikaa gereji siku 23. Wanachama wawili waliondoa watoto wao shuleni muhula huo, na mama mmoja aliuza mbuzi wake wote ili asipoteze nafasi yake katika kikundi. Baada ya mkasa huo ndipo niliombwa nishike daftari la gari, kwa kuwa mimi ni mwalimu. Nilipojumlisha risiti, fedha zilizotumika kutengeneza injini zingetosha kubadilisha mkanda zaidi ya mara kumi.

Kilomita za dashibodi si ushahidi

Vitabu vya Toyota vya injini nyingi za aina hii hutaka mkanda ubadilishwe kila kilomita 100,000. Viwanda vingine huandika pungufu au zaidi, na vingi huongeza ukomo wa miaka, kwa sababu mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama. Tatizo ni kwamba namba ya dashibodi hurudishwa nyuma kirahisi. Ile taa yenye maandishi T-BELT, inayowaka kwenye magari mengi ya dizeli ya Toyota muda wa mkanda ukifika, nayo inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa. Ukigeuza swichi bila kuwasha injini, taa hiyo inatakiwa iwake pamoja na nyingine. Isipowaka, uliza kwa nini.

Funua boneti utafute kibandiko karibu na kifuniko cha mkanda. Mafundi wa Japani mara nyingi hubandika karatasi yenye kilomita na tarehe ya kubadilisha mkanda. Mwaka huweza kuandikwa kwa hesabu yao wenyewe. Kwa magari ya zamani, chukua namba ya mwaka uongeze 1988: ukiona 17, ni mwaka 2005. Hesabu hiyo ilikoma mwaka 2019, ikaanza nyingine ambayo unaongeza 2018. Kibandiko ni dalili nzuri, lakini karatasi haizuii mpira kuzeeka.

Njia ya uhakika ni kumlipa fundi wako mwenyewe afungue kifuniko cha juu. Nyufa, meno yaliyolika, nyuzi zilizochomoza pembeni, mng'ao kama wa kitu kilichosuguliwa, au oili: mojawapo tu yatosha kuuondoa. Usipoona dalili yoyote na hakuna rekodi ya kuaminika, badilisha vilevile, maana mikanda mingi hukatika bila kutoa onyo. Ingiza gharama hiyo katika bei unapopatana na muuzaji.

Neno la dukani

Wazazi wangu walikimbia mwaka 1972, nami nilisomea Ulyankulu, mkoani Tabora, nikarejea mwaka 2009 na Kiswahili bila Kifaransa. Wengi tuko hivyo. Kule tulisema mkanda wa taimingi. Huku muuza spea aliyesoma Kifaransa ataelewa upesi ukimwambia courroie de distribution. Ukisema mkanda tu, unaweza kupewa wa feni. Kwa hiyo nenda na namba ya injini iliyoandikwa, na mkanda wa zamani mkononi, uhesabu meno papo hapo. Mkanda mpya usikunjwe kwa nguvu, maana nyuzi za ndani huvunjika.

Nunua pamoja nao beringi ya kukazia mkanda na sili za oili. Kwenye 3S-FE, mkanda huohuo huzungusha pampu ya maji, basi ikaguliwe siku hiyohiyo. Fundi akimaliza kulinganisha alama, mwambie azungushe injini kwa spana, kwa mkono, mizunguko 2 kamili ya krenki kabla ya kugusa swichi. Alama zikirudi mahali pake na hakuna kilichokwama, ndipo awashe. Fundi anayekataa kufanya hivyo, mtafutie mwenzake.

Ukikatika njiani

Injini ikizimika, usukani huwa mzito na breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache. Kwa wanaoteremka Bugarama kuelekea Bujumbura, hilo ni suala la uhai. Kanyaga breki mara moja kwa nguvu na uishikilie, usiipige-pige. Sogea kando, vuta breki ya mkono, weka kizuizi kwenye tairi upande wa mteremko na pembetatu barabarani. Stata ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, iache. Usiwashe tena, usikubali kusukumwa. Tafuta gari la kukuvuta, gia ikiwa huru.

Kikundi chetu sasa kina utaratibu. Tarehe na kilomita za kubadilisha mkanda zimeandikwa kwa rangi juu ya kifuniko chake na katika daftari. Kila safari ya Mugina hutoa fungu dogo linaloingia kwenye sanduku la matengenezo, na mwanachama yeyote anaruhusiwa kuomba daftari alione. Tumepanga kubadilisha kila kilomita 80,000, kwa sababu milima yetu ni mikali na mizigo yetu mizito. Kikundi chenye gari lolote la mkanda kinaweza kuanza hivyo kesho asubuhi, kwa kopo la rangi na daftari la shule.