KABLA YA SINDANO YA TESTOSTERONI, PIMA DAMU KWANZA

Leo naomba tuweke pembeni habari za mpira na bei ya viazi, niongelee ishu ambayo hapa Mbeya watu huisema kwa kunong'ona. Kuna watu walioandikwa wasichana siku ya kuzaliwa, lakini wao wanajijua kuwa ni wanaume na wanaishi hivyo. Wanaitwa wanaume wa transjenda. Mimi ni mmoja wao, naishi hapa hapa Soweto, nimemaliza kidato cha nne, na kwa miezi mingi nimekuwa najiuliza nianze testosteroni au nisubiri. Jina silitaji, mnaelewa kwa nini.

Kuna watakaosema mambo haya yameletwa na intaneti. Uganda, nyumba ya mwanaharakati wa transjenda Victor Mukasa ilivamiwa na viongozi wa mtaa mwaka 2005, akaenda mahakamani, na mwaka 2008 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zake zilivunjwa. Mwaka 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha orodha mpya ya magonjwa, na humo hali hii haipo tena kwenye magonjwa ya akili. Basi, tuingie kwenye afya.

DAWA INAFANYA NINI

Testosteroni ni homoni. Wanaume wanayo nyingi, wanawake wanayo kidogo. Mwanaume wa transjenda akiipata kwa kipimo cha daktari, mwili unaanza kama balehe ya pili. Hedhi husimama, mara nyingi ndani ya miezi 6 ya mwanzo. Chunusi zinatoka. Sauti inakuwa nzito, ndevu zinaanza kuota, ila kujaa kwake kunaweza kuchukua miaka 4 au 5.

Sasa hapa ndipo pa kukaa chini na kufikiri. Ukiacha dawa, misuli inapungua na hedhi kwa kawaida inarudi. Lakini sauti haipandi tena, kinembe kilichokua kinabaki hivyo, na upara ukishaingia umeingia. Kwetu wajomba wote wana upara, kwa hiyo hilo najua linanisubiri, ha ha.

DAMU NZITO

Hatari inayoangaliwa sana na madaktari ni hii. Testosteroni huchochea mwili kutengeneza chembe nyekundu za damu. Zikizidi, damu inakuwa nzito, na inaweza kuganda kwenye mishipa au kuleta kiharusi. Kwenye karatasi ya maabara angalia herufi HCT, ni asilimia ya damu ambayo ni chembe nyekundu. Ikipita 54 daktari husimamisha dawa au kupunguza dozi.

Kwa sisi wa huku kuna la ziada. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, hivyo mwili wa mtu wa milimani hutengeneza chembe nyekundu nyingi kidogo kuliko wa mtu wa Dar. Ukiongeza sigara, zinapanda tena. Kwa hiyo lazima ujue namba yako kabla ya kuanza, usisubiri mpaka uanze kuumwa kichwa.

Pia kolesteroli nzuri hushuka, na presha inaweza kupanda. Bibi yangu mzaa mama alipooza upande mmoja kwa sababu ya presha, nimemlisha uji kwa kijiko. Hilo kwangu lina uzito kuliko ndevu.

MIMBA NA KIZAZI

Vijana wengi wanadhani hedhi ikisimama basi mimba haiwezi kuingia. Inaingia! Testosteroni sio uzazi wa mpango, na inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mjamzito haruhusiwi kabisa kuitumia. Na kama unataka kuzaa siku moja, liseme kabla ya kuanza. Wapo walioacha dawa wakazaa, lakini hakuna wa kukuhakikishia.

Jambo lingine, mlango wa kizazi bado upo. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inaongoza kwa wanawake Tanzania, na haijali umevaa nini au unaitwa nani. Najua aibu ya kukaa kwenye foleni ya akina mama ukiwa na ndevu. Hata hivyo, uchunguzi ni lazima.

DAWA YA JIMU

Jamaa mmoja wa jimu hapa mjini aliwahi kunionyesha kichupa, akasema ni "ya misuli", nichome tu kila wiki. Lebo hakuna. Namuuliza dozi, anacheka.

Wadau, testosteroni ni dawa ya cheti cha daktari. Ukiizidisha, mwili hugeuza sehemu yake kuwa estrojeni, homoni ile ile unayoikimbia. Dawa yenyewe huchanganywa na mafuta. Kwa mfano, Sustanon imetengenezwa kwa mafuta ya karanga, kwa hiyo mwenye mzio wa karanga asiiguse. Vidonge vya zamani vya methyltestosterone vinajulikana kwa kuharibu ini.

Na sindano yenyewe je? Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta VVU kwa asilimia 12.7 ya watu wazima Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 hapa Mbeya, wakati taifa zima ni 4.4. Homa ya ini aina ya B nayo inapita kwenye damu. Kuchangia sindano mikoa hii ni kucheza na moto.

VIPIMO VYENYEWE

Kilichonishangaza ni kwamba vipimo vya kuanzia ni vya kawaida kabisa: picha kamili ya damu, presha, sukari, kolesteroli, ini, VVU, homa ya ini na mimba. Hakuna hata kimoja kinachokulazimisha kueleza maisha yako yote dirishani. Nilienda zahanati moja, nikaomba damu na presha, HCT ikasoma 42, presha iko poa. Ukianza dawa, damu hupimwa kila miezi 3 mwaka wa kwanza, baadaye mara 1 au 2 kwa mwaka. Mwenye saratani inayochochewa na homoni, moyo usiotulia au damu iliyokwisha kuwa nzito lazima daktari aamue kwanza. Na kama hujafika miaka 18, usijianzishie, tafuta mtu mzima unayemwamini.

KWA NINI SIJAANZA

Mpaka leo sijaanza, na sijasema sitaanza. Damu yangu inaruhusu. Ninachokosa ni mtu wa kuniangalia kila miezi 3 bila kunitangaza mtaani. Sheria yetu inaadhibu mapenzi ya jinsia moja mpaka kifungo cha maisha, na watu hawatofautishi, wanatuweka wote kapu moja. Februari 2017 Wizara ya Afya ilitangaza kusimamisha huduma za UKIMWI kwenye vituo 40 vya makundi maalum. Tangu hapo wengi wetu tukiona koti jeupe tunapita mbali. Ndio maana yule jamaa wa jimu anapata wateja. Yeye haulizi kitu, lakini hapimi kitu pia.

Kama wewe ni daktari, nesi au mtu wa maabara Nyanda za Juu Kusini, andika maoni hapo chini: mgonjwa kama mimi akija kwako utamfanyia nini? Mwenye kupinga naye karibu, ila matusi na majina ya watu nafuta.

Naomba kuwakilisha.